Mwaka Tuliosubiri Pembe Zianguke

Mwaka jana binti yangu alinialika kwake, katika nchi ambayo baridi yake inaingia mpaka kwenye meno. Asubuhi moja nilikuwa nimesimama dirishani jikoni, nimejifunga blanketi kama mgonjwa, nasubiri chai ichemke, mara nikamwona mnyama kwenye ukingo wa shamba nyuma ya nyumba. Kimo cha mbuzi, miguu myembamba, matako meupe, na kichwani vipembe viwili vyenye manyoya, kama vidole vilivyovishwa soksi. Nilipiga kelele. Binti yangu akaja mbio akidhani nimeungua.

"Mama, kuna nini?"

"Ndiye huyo!" nikamwambia. "Ndiye yule wa kwenye kitabu! Ndiye aliyetaka kutuulia pongo wetu!"

Alinitazama kama watoto wetu wanavyotutazama siku hizi, huruma kidogo, wasiwasi kidogo. Nikaanza kumweleza, chai ikachemka ikamwagika, na sisi bado tumekaa. Sasa keti na wewe nikueleze, maana habari hii nikiiacha ndani peke yake inanichekesha kanisani.

Nilikulia Abuku, upande wa Koboko, kwa bibi yangu mzaa baba. Baba alikuwa dereva wa lori, safari zake ni Arua na mpakani Oraba, na nyumbani alipita kama mvua ya kiangazi. Mama alikaa Arua na wadogo zangu. Mimi nilipewa Bibi niwe miguu yake: kuchota maji, kuanika muhogo, kufukuza mbuzi wasile ule muhogo. Miaka hiyo ya sabini vitu vilikuwa vimepotea madukani. Sukari tuliisikia kama habari za mtu aliyesafiri. Nguo tulifua kwa maji ya majivu, na mtu akipata kipande cha sabuni alikificha ndani ya mtama. Lakini sikumbuki njaa. Nakumbuka harufu ya muhogo uliovundikwa, mlio wa jiwe la kusagia kabla ya jua kuchomoza, na mafuta ya simsim yakidondoka juu ya maharage.

Shuleni chaki ziliisha mapema, tukawa tunaandikia vipande vya muhogo mkavu. Ilikuwa akili nzuri, ila mbuzi wakagundua. Ukisahau kufunga mlango, unakuta ubao umelambwa wote, hesabu hakuna, na mbuzi amesimama pembeni anatafuna akikutazama kama mkaguzi.

Mwalimu wetu wa sayansi alikuwa kijana Mlugbara kutoka Ayivu, karibu na Arua. Kikakwa chetu hakukijua, kwa hiyo alisema Kiswahili na kila mtu, na kila mtu alijitahidi kumjibu. Alikuwa na shati moja jeupe na suruali aliyoilaza chini ya godoro ili ipate mstari. Na alikuwa na kitabu. Alikiokoa sokoni Arua kwa mama muuza karanga, ambaye alikuwa anachana kurasa na kufungia wateja. Mwanzo wa kitabu ulikuwa umekwishaondoka na karanga, na mwisho pia. Sura moja tu ilibaki nzima, nayo ilihusu mnyama mdogo wa misitu ya Ulaya, jamaa ya paa.

Basi tulisoma sura hiyo. Tuliisoma muhula huo, na muhula uliofuata tukairudia. Shule nyingine zilisoma maua, moyo wa binadamu, sumaku; sisi tulisoma paa wa Ulaya. Tulijua ufalme wake, faila yake, ngeli yake, oda yake, familia yake. Tulipofika mwisho tuliimba kwa sauti moja, "Kapreolasi kapreolasi!" maana wataalamu walimpa jina hilo mara mbili, kana kwamba aliyeambiwa mara ya kwanza hakusikia. Tulijua kwamba hana meno ya mbele ya juu, kwamba anacheua, kwamba dume peke yake ndiye mwenye pembe, na kwamba akishtuka hubweka kama mbwa. Tulijua kwamba jike akishapandwa, mimba yake hutulia tumboni miezi mingi bila kukua, kisha ndipo inaanza kazi.

Hilo la mimba nilimpelekea Bibi jioni, akiwa anapepeta mtama. Aliacha kupepeta.

"Inangoja tu ndani?"

"Ndiyo, Bibi. Mwalimu amesema."

"Kama mshahara wa serikali," akasema, akaendelea kupepeta.

Lakini utamu wenyewe ulikuwa kwenye magonjwa. Yalikuwa mengi: minyoo ya mapafu, minyoo bapa ya ini, mabuu ya nzi yanayokaa puani, homa ya miguu na midomo, kuhara, kupe, kichaa, kuzungukazunguka kwa sababu ya mdudu wa kwenye ubongo. Tuliyakariri kama katekisimu. Na kwa kuwa ukiwa mtoto hukosi kazi ya kufanya na kile unachofundishwa, tukaanza kuyaugua. Ukitumwa maji, una mabuu puani. Ukiambiwa ukafukuze ndege kwenye mtama, una minyoo bapa ya ini. Bibi alisikiliza kwa makini, akauliza dawa yake ni nini, akaenda kuitafuta mwenyewe: majani fulani machungu mno yaliyotwangwa na chumvi. Darasa zima lilipona siku hiyo hiyo.

Sasa kulikuwa na jirani yetu, Sajini. Alikuwa amestaafu jeshi na kurudi Abuku na koti zito la kijeshi, goti bovu, na mbwa watatu. Alikuwa amekaa kambini muda mrefu hivi kwamba Kiswahili cha jeshi ndicho alichosemea na mke wake, na kuku wake, na Mungu. Alikuwa mtu wa nyama. Wakati wa kiangazi majani yakichomwa, yeye na mbwa wake walikuwa wa kwanza kusimama mbele ya moto, wakisubiri kitakachotoka.

Kiangazi kimoja alitoka pongo jike, yule swala wa vichakani, mwekundu, na vidoti vyeupe ubavuni kama aliyerushiwa unga. Mbwa wa Sajini wakamkamata. Nyama yake ililiwa Abuku nzima, na mimi nilikula, tena nililamba vidole. Baada ya hapo Bibi alikwenda kuchimba muhogo akasikia kitu kinapumua kati ya mashina. Alirudi na kikapu kichwani na ndani yake mtoto wa pongo, masikio makubwa kuliko uso. Tulikuwa na mbuzi aliyefiwa na mtoto wake. Bibi akampaka yule pongo chumvi na jasho la mbuzi, akamsukuma chini ya kiwele. Mbuzi akageuka, akanusa, akatufikiria wote wawili, kisha akaachilia maziwa.

Mimi nilimpa jina: Kapreolo. Bibi ulimi wake haukulipata, akamwita Kapurera, na Kapurera ndilo alilolijua mwenyewe.

Alikua na mbuzi na akajidhani mbuzi, isipokuwa kwamba hakupenda kelele. Jioni alisimama peke yake nyuma ya ghala, sikio moja huku, sikio moja kule. Kitu kikimshtua, alibweka. Mara ya kwanza mbwa wa Sajini walimjibu, halafu wakanyamaza wote kwa aibu. Kila siku nilimtoa kupe kwa mkono, masikioni na chini ya mkia, na nilikuwa namsomea magonjwa yake huku nikimtoa, ili ajue simfichi kitu.

Mwalimu alipomwona alivua kofia. Alimzunguka, akafungua kitabu, akatazama picha, akamtazama Kapurera, akatazama picha tena. Vidoti: vipo. Meno ya juu: alimfungua mdomo, hayapo. Kubweka: Kapurera akabweka kwa kufunguliwa mdomo. Mwalimu alikaribia kulia.

"Ndiye," akasema. "Iko hapa. Iko hapa Abuku."

"Mwalimu," nikauliza, "lakini kitabu kimesema ni wa Ulaya."

"Mnyama ni mnyama. Ng'ombe ya Ulaya si iko ng'ombe?"

Mpaka leo naona lilikuwa swali zuri.

Msimu mwingine ukapita, pembe zikaota, kwanza vinundu, kisha vijiti vyeusi vilivyoanza kujisokota. Shingo ikanenepa. Paja likajaa. Na hapo ndipo Sajini alipopita mbele ya uwanja wetu, akasimama, akaegemea uzio kwa upole ambao hatukuuzoea.

"Mama," akamwambia Bibi, "hii nyama iko ya mimi."

"Nyama gani?"

"Hii. Mbwa yangu ilikamata mama yake. Mama ikiwa yangu, mtoto iko ya nani?"

Bibi hakujua Kiswahili kingi, ila kile cha kugombana alikuwa nacho chote. "Iko ya mwenye kunyonyesha. Wewe afande, ulinyonyesha hii?"

Walifikishana kwa chifu. Baraza lilikaa kwenye kibaraza cha mabati mbele ya ofisi yake, na watu walijaa, maana redio zilikuwa hazina betri na hiyo ndiyo iliyokuwa taarifa yetu ya habari. Walikuwapo mpaka wafanyabiashara wa Kikongo waliopita na vitenge, wakaacha biashara wakaketi. Chifu alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye baiskeli iliyong'arishwa kama kioo, na jambo alilolichukia kuliko yote ni kumkasirisha mtu. Kukata kesi kunakasirisha mtu mmoja hakika. Kwa hiyo alikuwa fundi wa kuahirisha.

"Kama hii iko mbuzi," akasema, "iko ya mama. Kama iko nyama ya pori, iko ya mwenye mbwa. Sasa, iko nini?"

Bibi akasema ni mbuzi: amenyonya mbuzi, analala na mbuzi, analamba ubao wa shule na mbuzi. Sajini akasema mbuzi habweki. Mkongo mmoja akasema kwao mutu akimuona huyo hatamwita mbuzi wala pori, atamwita chakula. Watu wakacheka. Chifu akamwita Mwalimu.

Mwalimu alisimama na suruali yake ya mstari. Alisoma kurasa mbili nzima, akizitafsiri, kisha akatamka kwamba mnyama huyu si mbuzi wala si wa pori tu. Ni jamaa ya paa, na paa wa aina hii huko kwao hufugwa na wakubwa ndani ya bustani zenye ukuta, na mwenye bustani ndiye mwenye paa.

"Bibi iko na bustani?" chifu akauliza.

"Iko na uzio," Mwalimu akajibu.

"Na tutajuaje kama iko paa kweli?"

Hapo, rafiki yangu, ndipo Mwalimu alipotuchimbia kaburi, kwa moyo safi kabisa. "Pembe," akasema. "Pembe ya paa inaanguka kila mwaka, wakati majani ya miti yanaanguka. Halafu inaota mpya, na manyoya juu."

Sajini akaanza kutabasamu polepole. Alikuwa amekula pongo wengi, na sijui kama aliwahi kuona pembe iliyoanguka yenyewe, lakini tabasamu lile halikunipendeza. Chifu akapiga magoti yake kwa mikono miwili, amefurahi, maana alikuwa amepata sababu ya kungoja.

"Basi tungoje majani ianguke. Pembe ikianguka, iko ya mama. Isipoanguka, iko ya Sajini. Mkutano kwisha."

Nakwambia, sidhani kama kuna mtoto mwingine aliyewahi kumwomba Mungu kama mimi nilivyoomba msimu ule. Wenzangu waliombea sukari. Mimi niliomba pembe zianguke. Kila asubuhi kabla ya maji nilikwenda kuzishika, nizitikise kidogo, moja, halafu nyingine, kama unavyojaribu jino la mtoto. Hazikutikisika. Kapurera alivumilia, kisha akachoka, akawa akiniona anainamisha kichwa na kunielekezea ncha.

Abuku nzima ikawa inangoja. Watu wakipita hawakuuliza tena "Mmeamkaje?" Waliuliza, "Imeanguka?" Darasa letu liliwekewa zamu ya kumkagua dalili, kwa sababu Mwalimu alisema pembe hazianguki kwa mnyama mgonjwa. Siku moja zamu ilirudi mbio ikipiga kelele kwamba Kapurera ana mdudu wa ubongo, anazunguka bila kukoma. Tulikwenda wote. Alikuwa amefungwa kamba kwenye kigingi, na kamba ilikuwa fupi.

Kisha mavuno yakaingia, na baada ya mavuno Bibi akapika kwete. Pombe ya Bibi ilijulikana mpaka mpakani. Mtama uliooteshwa, ukakaushwa, ukasagwa, ukakaangwa, ukachachushwa kwenye mitungi iliyofunikwa majani, na uwanja mzima unanuka uchachu mtamu unaokufanya umeze mate. Akishachuja, machicha aliyatupa nyuma ya ghala.

Mchana wake nilirudi kutoka kisimani nikamkuta Kapurera amelala ubavu, ulimi nje, macho yamegeuka meupe. Nilimwaga maji. Alijaribu kusimama, miguu ya mbele ikaenda Koboko, ya nyuma ikaenda Arua, akaanguka tena. Mdomoni povu.

Nilipiga yowe lililoleta kila mtu. Sajini alikuja wa kwanza, pamoja na goti lake, na kisu mkononi.

"Iko kufa," akasema. Sauti yake haikuwa ya furaha, lazima niseme haki. "Mama, sikia. Ikikufa bila kisu, hasara ya mimi na wewe. Tuchinje sasa. Nusu yangu, nusu yako. Kesi kwisha."

Bibi alikuwa amepiga magoti, kichwa cha Kapurera kiko mapajani mwake. Nilimwona anamtazama yule mnyama, kisha anatazama kile kisu, na nikajua kwamba anafikiria. Bibi hakuwa mtu wa kuacha nyama ioze. Nikakimbilia shuleni.

Mwalimu alikuja akikimbia, kitabu kifuani, na darasa zima nyuma yake. Alijipenyeza kati ya Sajini na Kapurera, akafungua, akaanza kusoma kwa sauti kama padri kwenye mazishi.

"Minyoo ya mapafu! Iko kukohoa?"

"Hapana!" tukajibu.

"Mabuu ya pua! Iko kupiga chafya?"

"Hapana!"

"Homa ya miguu na midomo! Iko na vidonda?"

Bibi akamfungua mdomo. Hakuna. "Kichaa! Iko kuuma watu?" Hakuuma. Sajini alikuwa amekwishakunja mkono wa koti. "Mwalimu, sogea. Hii iko kufa na wewe unasoma."

"Ngoja!" Akafunua ukurasa wa mwisho, ule uliochanika nusu, wenye doa la mafuta ya karanga. Hatukuwahi kuusoma darasani kwa sababu ya lile doa. Akauinua juani ili maandishi yaonekane. Akasoma kimya. Akasoma tena. Kisha akapiga magoti, akaweka pua yake kwenye mdomo wa Kapurera, akavuta pumzi.

"Bibi," akauliza taratibu, "pombe iko wapi?"

Mtu mmoja akaenda nyuma ya ghala, na tukamsikia akianza kucheka peke yake. Rundo lote la machicha lilikuwa limelambwa mpaka udongo.

Kitabu kilisema, na Mwalimu alitusomea amesimama, kwamba mwanzo wa majira mapya paa hawa hula machipukizi machanga mengi, yakachacha tumboni, nao hulewa, wakapepesuka, wakaingia hata vijijini bila woga. Kitabu kile kilichokosea karibu kila kitu kuhusu mnyama wetu, siku hiyo kilipatia.

Sajini hakuamini. Alijiinamisha kwa shida, akamnusa mwenyewe. Alibaki ameinama muda. Aliponyooka uso ulikuwa umebadilika, una heshima fulani.

"Hii kwete," akasema. "Kwete kabisa. Mimi najua." Akarudisha kisu kwenye ala. "Mlevi hapana chinja. Jeshini mlevi tunamfunga mpaka asubuhi, basi."

Bibi akapata sauti yake. "Mmeona pombe yangu?" akawauliza watu wote. "Mmeona? Na jana kuna mtu alisema nimeweka maji."

Walimbeba Kapurera mpaka kwenye ghala, Sajini ameshika kichwa, na watu wakaona si vizuri kuondoka hivi hivi wakati mitungi imejaa. Kesho yake asubuhi nilimkuta Kapurera amesimama kwenye kivuli, kichwa chini, hataki kusemeshwa. Hatua chache kutoka kwake alikuwa ameketi Sajini katika hali ile ile.

Majani ya miti yalianguka. Pembe hazikuanguka. Siku ya baraza ilipofika nilikuwa nimelia mpaka macho yamevimba, na Bibi alikuwa amemwogesha Kapurera kama maiti. Tulimpeleka kwa kamba. Chifu alikuwa amefika, baiskeli yake imesimama juani, taa ya mbele inameremeta. Kapurera akapita mbele yake. Ndani ya ile taa akamwona pongo dume, mdogo, mwenye kiburi, anamtazama.

Sikuweza kumzuia. Kamba ilinichuna kiganja. Alijitupa na kichwa, taa ikapasuka, baiskeli ikaanguka juu yake, akajitoa kwa kuruka, na tulipomshika, upande wa kushoto hakuwa na pembe. Ilikuwa chini, vumbini.

"Imeanguka!" Mwalimu akapaza sauti, mikono juu. "Imeanguka!"

"Imevunjika!" Sajini akanguruma. "Mimi nikivunja jino, nimekuwa mtoto? Tazama, iko damu!"

"Imeanguka chini au haikuanguka chini?" Bibi akauliza. "Mimi naona iko chini."

Watu wakagawanyika papo hapo, wa imeanguka na wa imevunjika, ndugu na ndugu, mume na mke. Chifu aliiokota ile pembe, akaitazama, akaitazama na taa yake kwa uchungu mkubwa, kisha akatoa uamuzi.

"Moja imeanguka. Moja bado. Tutangoja hii nyingine."

Na tuliingoja. Misimu ikapita. Ile nyingine ikakua ndefu, ikajisokota vizuri, na Sajini akawa anapita jioni kuikagua, na kwa kuwa amekwishafika, anakaa, na kwa kuwa amekaa, Bibi anampa kibuyu. Wakawa wanagombana kila jioni kwa utaratibu kama watu wanaosali.

Halafu vita vya kuiangusha serikali vikafika mpaka kwetu. Ilikuwa elfu moja mia tisa sabini na tisa. Malori ya askari yalipita siku nyingi yakielekea mpakani bila kusimama, kisha yakaacha kupita, na ule ukimya ulitisha kuliko malori. Baba alikuja kwa miguu, na Mama na wadogo zangu nyuma yake. Tukafunga mizigo: sufuria, mkeka, unga wa muhogo, mtungi mmoja. Kapurera nilimfunga kamba. Sajini alikuja na familia yake, koti mwilini kwenye lile joto, na tukaandamana porini badala ya barabarani, watu wengi, wengine hatukuwajua.

Unga uliisha kabla ya mpaka. Watoto walilia njaa. Tulipopumzika chini ya miti, vijana tusiowajua walikuwa wanamtazama Kapurera, kisha mmoja akatoa panga, akasema jambo la busara tu: kwamba watu ni bora kuliko mnyama. Baba aliinamisha macho. Bibi pia.

Sajini akanyanyuka, goti likalia kama mlango. Naye alikuwa na njaa. Mashavu yalikuwa yameingia ndani.

"Hii nyama iko na kesi," akasema.

"Kesi gani, mzee? Chifu mwenyewe amekimbia."

"Amekimbia na kesi. Bado haijaisha. Mutu hapana kula kitu ya kesi." Akasimama pale, mkono kwenye kile kisu chake, mpaka yule kijana alipoketi.

Kisha akanijia, akafungua kamba yeye mwenyewe, fundo ambalo lilikuwa limenishinda. Kapurera alisimama. Alitutazama, pembe moja juu, sikio moja huku, sikio moja kule. Akatembea mpaka kwenye majani marefu, taratibu, kama anayekwenda nyuma ya ghala tu na atarudi.

Nilikaa ukimbizini ng'ambo ya mpaka miaka mingi, nikasomea huko, nikawa mwalimu. Ni humo vitabuni nilimokuja kukuta jina la kitaalamu la pongo. Limetoka kwenye Kigiriki cha kale, maneno mawili yaliyounganishwa: mbuzi, na paa. Mbuzi-paa. Nilifunga kitabu nikacheka mpaka wenzangu wakaniuliza, na sikuweza kuwaeleza. Bibi alikuwa amekwishafariki kule ng'ambo. Sajini pia, na walizikwa karibu karibu. Kuhusu Mwalimu sikupata habari tena. Niliuliza Arua, niliuliza Ayivu, kila mtu alimjua mwalimu mwingine.

Nimerudi Abuku mara moja. Pori limekwisha, ni mashamba, tanuri za matofali, na njia za pikipiki. Shule ni mpya, ina chaki. Niliwauliza watoto kama wamewahi kumwona pongo, wakanionyesha ng'ombe. Nilitafuta kile kibaraza cha mabati, nikaambiwa kiling'olewa zamani. Siku hizi watu wakigombana, jambo linaisha siku hiyo hiyo: simu moja, polisi, basi, na mmoja anaondoka amekasirika kweli.

Nilisimama pale mahali penyewe kwa muda, mama mzima na mkoba wangu. Mwenye pikipiki akaniuliza, "Mama, unangoja mutu?" Nikamwambia hapana, wote walikwishaondoka. Akawasha pikipiki, nikapanda.